Makala imechapishwa, mbona haisomwi?

Haya ni baadhi ya maswali ambayo wahadhiri na wanafunzi wa uzamili na uzamivu hutuletea maktaba. Nimeyafupisha, na majina ya waulizaji nimeyaacha.

Makala yangu kuhusu uvuvi wa dagaa Ziwa Victoria ilitoka katika jarida la nje. Huu mwaka wa pili, hakuna aliyeirejelea. Mwenzangu wa Mwanza alitaka kuisoma, akadaiwa dola. Nifanyeje?

Kwanza mtumie mwenzako nakala kwa barua pepe, leo hii. Mwambie pia aulize maktaba ya chuo chake kuhusu Research4Life, mpango unaowapa watafiti wa nchi zinazoendelea majarida bure au kwa bei nafuu, kwa sababu Tanzania imo kati ya nchi zinazonufaika na mpango huo.

Halafu tuje kwenye makala yenyewe. Makala moja huwa na nakala tatu: uliyoituma mwanzo, uliyoirekebisha baada ya maoni ya wahakiki hadi mhariri akaikubali, na ile iliyopangwa kurasa na kutiwa nembo ya jarida. Wengi hudhani wakishasaini mkataba wamezipoteza zote. Si kweli. Majarida mengi huruhusu ile ya pili iwekwe kwenye hazina ya kidijiti ya chuo, mengine papo hapo, mengine baada ya miezi 6, 12 au 24. Ingia kwenye tovuti ya Open Policy Finder, ambayo wengi bado wanaijua kwa jina la Sherpa Romeo, uandike jina la jarida uone masharti yake. Kisha soma mkataba wako.

Kinachokwamisha watu ni kwamba nakala hiyo ya pili hawanayo tena. Kompyuta imebadilishwa, faili limepotea. Fungua barua pepe ulizotuma, tafuta kiambatisho cha mwisho ulichompelekea mhariri kabla hajakukubalia. Ukurasa wa kwanza andika jina la jarida, mwaka na DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni), umkabidhi mkutubi. Google Scholar hupitia hazina za vyuo, kwa hiyo atakayeitafuta makala ataona kando yake kiungo cha kuisoma bure. Katika yote nitakayoyasema hapa, hili ndilo ninalolithamini zaidi, na halina gharama.

Msimamizi wangu anasema kichwa cha makala hakivutii. Nikifupishe?

Kivutio si urefu. Mwaka 1969 Erasto Mpemba na Denis Osborne walichapisha makala yenye kichwa cha neno moja tu, “Cool?”, kuhusu maji ya moto kuganda kabla ya maji ya baridi, jambo ambalo Mpemba aliliona mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba. Jambo lenyewe liliibeba makala hiyo hadi likaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima. Ila wakati ule jarida lilifunuliwa ukurasa kwa ukurasa. Leo msomaji huanza kwa kuandika maneno anayoyatafuta, na kichwa kama kile asingekutana nacho. Badala ya “Tathmini ya mambo yanayochangia hali ya uzalishaji katika maeneo teule”, andika “Batobato ya mihogo na mavuno ya wakulima wadogo wa Mkuranga”. Maneno hayohayo yarudi katika ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo wa makala.

Jina langu limetokea kwa namna tatu tofauti katika machapisho yangu.

Jisajili ORCID, orodha ya kimataifa ya kuwatambulisha watafiti. Ni bure, ipo tangu 2012, na utapewa namba ya tarakimu 16 ya maisha yako yote. Kuanzia sasa chagua namna moja ya kuandika jina lako usiiache, hata ukiolewa au ukihamia chuo kingine.

Nimepata barua pepe: jarida la “kimataifa” litanichapishia ndani ya siku tano kwa dola 150. Niharakishe?

Usitume hata senti. Ndani ya siku tano hakuna mhakiki aliyeisoma kazi yako kwa makini. Angalia kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, au katika AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998, kisha muulize mtu wa fani yako kama huwa analisoma. Ukiitupa kazi nzuri huko ni vigumu sana kuitoa, na jarida la heshima halipokei kilichokwisha kuchapishwa.

Naandika kuhusu fasihi kwa Kiswahili. Kuna atakayeniona?

Yupo. Weka ikisiri ya Kiswahili na ya Kiingereza. Makala ya kongamano isiyo na DOI unaweza kuiweka Zenodo, hazina ya mtandaoni ya kazi za watafiti, nako utapewa DOI bure.

Nimetafiti sumukuvu kwenye mahindi, Dodoma. Makala imerejelewa vizuri, lakini wakulima niliowahoji hawajui nilichogundua.

Nakushukuru kwa kuliuliza hili, maana hao ndio waliokupa muda wao na sampuli zao.

Angalia kazi ya watafiti wa afya wa Ifakara. Miaka ya 1990 walisambaza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga, kwa jina ambalo kila mtu angelielewa: Zuia Mbu. Makala yao ya mwaka 2001 katika jarida la Lancet ilihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Mwaka 2004 Hati Punguzo za vyandarua zikaanza kutolewa nchini kwa wajawazito.

Nawe andika ukurasa mmoja wa Kiswahili: uligundua nini, katika vijiji gani, mkulima akaushe na kuhifadhi vipi. Mpe afisa ugani wa kata ausome kwanza akuonyeshe palipo na lugha ya chuoni, kisha nenda naye kwenye mkutano wa kijiji, na uombe nafasi redio ya jamii. Fanya hivyo kabla ya mavuno. Mahindi yakishaingia ghalani na unyevu wake, ushauri wa kukausha umechelewa hadi msimu mwingine.