Kusoma vitabu vya upande wa pili ni kupotea?

Ndugu yangu, umeuliza kama kusoma vitabu vya wasioamini unachoamini ni mwanzo wa kupotea. Mtazame Imamu Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu. Mwaka 1091 alikabidhiwa kiti cha ualimu katika madrasa ya Nidhamiya, chuo mashuhuri cha Baghdad, cheo ambacho wengi wetu tungeking'ang'ania hadi kaburini. Naye akaanza kushuku hata macho yake: nyota unaiona ndogo kama dinari, kumbe hesabu zinasema ni kubwa kuliko dunia. Macho yakidanganya, akili je?

Falsafa aliisoma mwenyewe karibu miaka miwili ndipo akaipinga. Hakupinga kwa kusikia, kama baadhi ya masheikh wetu wa mitandaoni (mnisamehe). Tena mantiki na hesabu hakuzitupa.

Mwaka 1095 ulimi ukagoma darasani, chakula hakipiti. Akaacha kila kitu, akaenda Damasko, Yerusalemu, Makka. Alirudi kufundisha mwaka 1106, Nishapur, mji wa Uajemi. Imani haikumtoka, ila haikuwa tena ile ya kurithi.

Kwa hiyo soma. Ila usifanye nilivyofanya mimi: kurasa kumi, tayari nabishana na mzee wangu mezani. Wewe umeanza na kitabu gani?