Misa ya shukrani ya padre mpya: shangazi, kabla ya ng'ombe tafuteni daftari

Shangazi mmoja wa Rungwe ameandika. Mtoto wa kaka yake ni shemasi, upadrisho ni mwakani, na kamati ya ukoo imeshakaa mara tatu. Bajeti imejaza kurasa mbili: ng'ombe, turubai, muziki, sare za kitenge, na gari la kumzawadia padre. Anauliza kama kuna kitu wamesahau.

Shikamoo shangazi. Kipo, na ndicho kilichoipa Misa ya shukrani jina lake: kuwashukuru waliombeba.

Kati ya ushemasi na upadre, Sheria za Kanisa (kanuni ya 1031) zinataka ipite miezi isiyopungua 6. Familia nyingi huimaliza miezi hiyo kwenye vikao vya michango. Tumieni wiki mbili za mwanzo kwa kazi isiyo na gharama: chukueni daftari la shule, gawanyeni kurasa tano. Ya kwanza ubatizo, ya pili Komunyo ya kwanza na Kipaimara, ya tatu shule au seminari ndogo, ya nne falsafa na teolojia, ya tano mwaka wa uchungaji na ushemasi. Kila ukurasa ujibu swali moja: hapa alibebwa na nani? Falsafa si chini ya miaka 2 na teolojia ni 4, na hapo bado hujahesabu mwaka wa malezi. Muda wote huo kuna mtu alilipa nauli, kuna mtu alitoa gunia la mahindi, kuna bibi alimwombea rozari kila jioni bila kumwambia yeyote.

Kwa nini muandike kwa hatua za maisha yake na si kwa vyeo? Kwa sababu orodha ya vyeo hutokea ileile kila parokia: mheshimiwa fulani, mwenyekiti fulani, kamati fulani. Katekista wa kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia), aliyemfundisha Baba Yetu na kutembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, hayumo. Siku ya Misa utamkuta nje ya turubai anatafuta pa kukaa. Huyo awekewe kiti benchi la mbele, pamoja na wazazi, na aambiwe wiki moja kabla ili asije akasita mlangoni.

Kuna kundi jingine linalosahaulika sana huku kwetu. Rungwe ina Wamoravian wengi, Iringa na Njombe Walutheri wengi, na karibu kila ukoo umechanganyika. Mjomba Mmoravian aliyelipa ada ni mfadhili kama mfadhili mwingine. Atajwe. Suala la Komunyo, kwamba yeye haipokei, mwelezeni nyumbani, kwa upole, kabla ya siku yenyewe, asije akashtukizwa na tangazo la kipaza sauti mbele ya watu.

Orodha ikishakamilika, padre mpya asiisome yote. Hotuba ya shukrani isizidi dakika 7, yaani kurasa mbili za kuandikwa kwa mkono, na itolewe baada ya Sala baada ya Komunyo. Ataje makundi, kisha watu watatu au wanne walio alama ya hayo makundi. Ukijaribu kutaja majina 60, la 61 ndilo litakalonuna miaka kumi. Waliobaki waandikiwe barua fupi au wafuatwe nyumbani. Wanyakyusa wana neno lao, *ndaga*, na ndaga inayosemwa mlangoni pa mtu haisahauliki.

Sasa vitu vya siku ya upadrisho, maana navyo huharibika kwa uzembe. Askofu humpaka mikono Krisma, mafuta matakatifu, na ni desturi kitambaa cha kufutia mafuta hayo kupewa mama mzazi. Si sharti la ibada, ni desturi nzuri. Chagueni pamba au kitani, kifuliwe mara mbili kabla, kwa sababu kitambaa kipya chenye wanga hakinyonyi mafuta, na poliesta ndiyo kabisa: inayasambaza tu. Wakati wa Litania ya Watakatifu mteule, yaani anayepewa upadre, hulala kifudifudi sakafuni. Juni na Julai sakafu ya saruji ya Njombe au Mufindi si ya kuchezewa, kwa hiyo zulia liwe nene na lisiteleze. Kasula, vazi la juu la Misa, ishonwe kwa vipimo alivyopimwa akiwa amevaa alba, ile kanzu nyeupe ya ndani, si shati, vinginevyo itambana mabegani. Stola, ule mshipi mrefu wa shingoni, huvaliwa chini ya kasula. Fundi akishona stola yenye nakshi nyingi ili ionekane juu, amepoteza kitambaa chenu.

Rangi nayo. Kamati hupenda nyeupe kwa kila kitu. Misa ya shukrani ikiangukia Dominika ya Kipindi cha Kawaida, rangi ya siku ni kijani. Liturujia inaruhusu mavazi ya sherehe yaliyo bora zaidi siku kubwa, hata kama si ya rangi ya siku, ila anayeamua ni paroko pamoja na padre mwenyewe. Mwulizeni kabla hamjanunua mita 40 za kitambaa.

Siku 5 kabla ya upadrisho ziacheni kabisa. Kanuni ya 1039 inamtaka mteule afanye mafungo yasiyopungua siku 5. Yeye anapaswa kuwa kimya na Mungu, ninyi mnampigia kuuliza kama turubai la Tukuyu lina mifereji! (Liwe nayo. Rungwe mvua haiangalii kalenda.) Teueni mtu mmoja wa kuamua kila kitu siku hizo, na simu ya shemasi ipumzike. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu familia zenye upendo mwingi ndizo huvunja mafungo.

Halafu kuna zawadi ambayo watu wengi huiacha mezani. Kanisa linatoa rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, kwa padre anayeadhimisha Misa yake ya kwanza mbele ya waumini siku iliyopangwa, na kwa waumini wanaoishiriki kwa ibada. Masharti ni yaleyale: kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kuachana na kila mwelekeo wa dhambi. Ni Misa ya kwanza tu. Ile ya kijijini kwa mama yake wiki ya tatu haimo. Kwa hiyo Jumamosi mchana ombeni mapadre wawili wa kuungamisha, saa 8 hadi saa 11. Mkikosa hapo, mmelisha watu 400 wali na kuwanyima karamu yenyewe. Wali wenyewe hauhitaji kikao: kilo 50 za mchele zinatosha watu hao 400.

Baada ya Misa kila mtu anataka baraka ya padre mpya. Pigeni hesabu: watu 400, sekunde 10 kila mmoja, ni zaidi ya saa nzima, na bado wapo wa picha. Waanze wazazi, wafuate wazee na wagonjwa mmoja mmoja, kisha wengine wapige magoti kwa safu na wabarikiwe kwa pamoja.

Kuhusu lile gari. Ulizeni kwanza: ni mwanajimbo au mtawa? Padre wa jimbo huahidi useja na utii kwa askofu, lakini haweki nadhiri ya ufukara, hivyo anaweza kumiliki. Mtawa, kama Mkonsolata au Mbenediktini, ana nadhiri hiyo, na zawadi yake ni mali ya shirika. Nimesikia ukoo ukinung'unika "ng'ombe wetu amekwenda wapi" kwa kutojua jambo hili. Na hata kwa mwanajimbo, gari lililonunuliwa kwa mkopo wa ukoo humfanya padre kijana awe mdaiwa wa wajomba zake, na mdaiwa hawezi kuwahubiria. Mkimpa vitabu vya sala, koti la baridi na viatu imara vya kuendea vigangoni, mmempa upadre wake nafasi ya kupumua.

Jumatatu yake, asubuhi, padre aadhimishe Misa ya marehemu. Dominika si siku yake. Someni majina ya wafu wa daftari lile: katekista wa zamani, babu, mfadhili aliyekufa kabla ya kuona matunda. Kisha nendeni makaburini mkiwa wachache, bila muziki.

Mwisho, daftari la pili. Aliyebatizwa kigangoni miaka 28 iliyopita huenda kigango hicho leo ni parokia, na huenda parokia imehamia jimbo jingine, kama zile zilizomegwa kutoka Iringa mwaka 2023 kuunda Jimbo la Mafinga. Kanuni ya 1054 inataka paroko wa mahali alipobatizwa apelekewe taarifa ya upadrisho na aiandike kwenye daftari la ubatizo. Barua hizo hupotea njiani. Ikipita miezi mitatu, shangazi, nenda mwenyewe ofisini kwa paroko, taja mwaka, namba na jina, umwombe akufunulie ukurasa. Pembeni ya jina la mtoto wa kaka yako pawe pameandikwa tarehe ya upadre wake.