Chaja ya kawaida haitoshi kuflashi ECU, mimi yalishanikuta

Mkuu umeuliza kama chaja ya betri inatosha kushikilia umeme wakati unaflashi ECU, yaani unaandika upya programu ya kompyuta ya injini. Hapana, haitoshi, na nakujibu hivyo kwa sababu yalishanikuta kwenye gari ya mteja.

Betri niliipima inasoma volti 12.6, nikasema hii imejaa, nikaweka na chaja yangu ya ampia 10 juu yake nikaanza kazi. Mwanzo ilienda safi kabisa. Imevuka nusu, feni ya rejeta ikajiwasha spidi ya mwisho, maana ECU ikiwa inaandikwa haiongei na wenzake na gari nyingi zikikosa taarifa ya joto la injini zinawasha feni kujilinda, sasa hiyo feni peke yake inakula ampia 20 na kuendelea, bado swichi iko on na moduli zote, zile kompyuta nyingine ndogo za gari, ziko macho. Nikawa naangalia mita inashuka, 12.2, 12.0, 11.7, halafu laptop ikasema mawasiliano yamekatika. Ukipiga swichi kimya, skana haiioni ECU kabisa. Shida ni kwamba programu ya zamani inafutwa kwanza ndo mpya inaandikwa, kwa hiyo ikikatika katikati humo ndani hakuna ya zamani wala mpya. Ilibidi niichomoe, niifungue mezani na kuiandika upya kwa njia ya boot, yaani kuingia moja kwa moja kwenye chipu yake, siku mbili nzima mteja anapiga simu. Iliniuma sana.

Chaja imetengenezwa kuchaji. Inaenda kwa hatua, ikiona betri imejaa inapunguza, na zile za zamani umeme wake una mawimbi ambayo moduli zinayaona kama kelele. Unachohitaji ni pawa saplai inayotoa volti iliyotulia, mimi naweka 13.5, yenye uwezo wa ampia 50 kwenda juu, na gari za sasa zenye moduli nyingi tafuta 70 mpaka 100. Kuwasha injini usahau, na kubusti na gari nyingine inayounguruma pia usifanye, alteneta yake inapanda na kushuka. Betri ya pili sambamba inasaidia kazi fupi tu.

Klipu ya hasi usiibane kwenye betri kama pale pana sensa ya kupima umeme wa betri, bana kwenye ethi ya bodi. Na mita iache kwenye nguzo za betri muda wote, usiamini namba ya kwenye saplai! Niliwahi kuona saplai inaandika 13.5 wakati kwenye betri ni 12.8, kushika klipu ina moto, kumbe meno yameliwa na kutu na waya ni mwembamba. Betri iliyochoka badilisha kabla, usiibembeleze.

Siku hizi kabla sijabonyeza kuanza nawasha swichi, taa kubwa na feni ya ndani dakika tano huku saplai inafanya kazi. Mita ikikaa juu ya 13 nazima hizo taa na feni, nafunga milango, naanza. Ikishuka chini ya hapo siflashi siku hiyo, hata mteja awe amesimama pembeni yangu ana haraka.