Nilipimwa kliniki, kwa nini nipimwe tena na uchungu?

SUALI: Assalaam alaykum. Nilipimwa VVU mimba ikiwa ya miezi mitatu, jawabu ikawa sina. Sasa naambiwa nikienda kujifungua huenda nikapimwa tena. Hawaniamini? Na nikikutwa navyo saa ile, si tumeshachelewa?
Mama mtarajiwa, Micheweni, Pemba

JAWABU: Waalaykum salaam, bi. Unaaminiwa, lakini jawabu ile ilikuwa ya siku ile. Virusi vikiingia baadaye ndiyo khatari zaidi, kwani maambukizi mapya hujaza virusi vingi mno kwenye damu. Mkunga atatizama tarehe kwenye kadi yako, basi usiiwache nyumbani.

Tone la damu ya kidole latosha. Spiriti ikauke kwanza, na tone la mwanzo lifutwe. Jawabu husomwa kwa mistari kwenye kipimo: wa C huonesha kipimo ni kizima, wa T huonesha dalili ya VVU. Wa C usipotokea, kipimo kibovu, kirudiwe. Wa T ukitokea, hata hafifu, unahisabiwa. Kusoma kabla ya dakika zake kutimia huwapa watu jawabu isiyo sahihi. Wahi spitali uchungu ukianza, upimwe baina ya maumivu. Aliyekaribia kuzaa hupimwa mara tu baada ya kujifungua.

Kuchelewa hakuna. Pasi na dawa wala kinga yoyote, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 huambukizwa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Kwa dawa hushuka chini ya 5. Mama huanzishwa dawa palepale, vipimo vya kuthibitisha vikifuata. Mkunga naye hapasui chupa wala haongezi njia bila ya haja.

Mtoto wa mama aliyegundulika saa hiyo hupewa dawa mbili za maji: nevirapini mara moja kwa siku na zidovudini mara mbili. Akiwa na kilo 2.5 au zaidi, kila mara ni mililita 1.5, ikiwa dawa ina miligramu 10 kwa mililita. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kijiko cha chai hubeba mililita 5, zaidi ya mara tatu! Tumia bomba lisilo na sindano, uvute hadi katikati ya 1 na 2, uligonge povu la hewa lipande, kisha umtilie ndani ya shavu taratibu. Anyonyeshwe kama kawaida, miezi sita maziwa matupu, mama asikatishe dawa zake.

Wiki ya 4 hadi ya 6 achukuliwe damu ya kisigino kwa kipimo cha virusi vyenyewe. Kile cha haraka, cha tone la kidole, hutafuta askari wa mwili wanaopambana na virusi, na kwa mtoto kinaweza kuonesha wale wa mama mpaka miezi 18.

Ukizalia nyumbani, mpeleke mtoto siku ileile. Baada ya saa 72 faida ya dawa hupungua sana.