Wadogo zangu mnaoingia kitengo cha mahusiano ya jamii, someni hii

Juzi kijana wetu mpya karudi kutoka kijijini na karatasi ya mahudhurio imejaa sahihi, ana furaha kweli, namuuliza akina mama walisemaje kuhusu mradi, kimya. Roho imeniuma, maana hapo nilishapita.

1. Ushuru wa huduma sio CSR (wajibu wa kampuni kwa jamii) jamani! Ile ni haki ya halmashauri kisheria, msiiandike kwenye ripoti kama msaada.

2. Mlioko kwenye madini ya kinywe (grafiti) huko Ruangwa, sheria ya madini ilibadilishwa 2017, mpango wa CSR wa kila mwaka lazima mkubaliane na halmashauri. Msiwapelekee ukiwa umeshachapwa.

3. Msiitishe mkutano msimu wa korosho. Kampuni niliyoanzia kazi ilikuwa na bajeti ya kisima, makao makuu Ulaya wanataka picha kabla ya kufunga mwaka, basi mimi nikaitisha mkutano mwezi wa kumi, watu wako mashambani wanaokota korosho, wakaja kama 20 hivi, karibu wote wazee wa kiume. Mama mmoja akasimama, ndoo bado mkononi, akasema mwanangu, upande ule ukichimba ni maji ya chumvi, sisi tunapajua. Nikamkatisha. Nikamwambia wataalamu wameshapima, na hakuna aliyekuwa amepima, ila wageni walikuwa wananisubiri kwenye gari.

Kikachimbwa, bango likawekwa, picha zikaenda. Baada ya miezi mitatu napita pale, mpini wa pampu umefungwa kamba ya katani, mbuzi wamelala kwenye zege. Nikaenda kwa yule mama kuomba radhi, hakunisema hata neno, akanichotea maji ya kile kisima kwenye kikombe cha bati, funda moja tu likanishinda. Akayamwaga, akanipa ya mtungini, yale aliyoyafuata alfajiri na kichwa chake.

4. Kisima kikabidhini kwa chombo cha watumia maji, RUWASA (wakala wa maji vijijini) wakiwepo, na spea ziwe za kupatikana hapa Mtwara mjini.

5. Mtu akiuliza "na sisi tunapata nini?" msimwite mkorofi. Mwaka 2013 watu hapa waliingia barabarani kupinga gesi kwenda Dar kwa bomba, swali lilikuwa hilohilo, mjibuni kwa hesabu.

Na wewe kijana wa juzi, kesho gari inatoka saa 12 asubuhi, tunarudi wote kijijini, hiyo karatasi iache ofisini.