Kwa wapya wa kijiweni: sikiliza chombo kwanza, spana baadaye

Ndugu zangu mnaoanza kuja na pikipiki zenu Jumapili asubuhi pale chini ya mwarobaini huku Makorora, Tanga, tunakosaidiana kutengeneza, karibuni sana. Wiki hizi naona sura mpya zimeongezeka, wengine ni madereva bodaboda, wengine wana chombo cha kwendea kazini tu, Boxer, TVS, Haojue, kila aina ipo, na nimefurahi kweli. Ila kuna jambo naliona linajirudia nalo ndo limenifanya niandike. Mtu anafika, anasema pikipiki yangu inasumbua, hata hajamaliza kueleza ameshashika spana ya 10 anafungua. Mimi nilikuwa hivyohivyo na iliniumiza.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na pikipiki ya cc 150, nzima kabisa ila ikaja kupata tabia. Natoka mjini naelekea Pangani, nikishapita Tongoni chombo kinaanza kukosa nguvu, kinavuta kinaacha kinavuta kinaacha halafu kinazima. Napiga kiki weee, wapi. Nakaa kando ya barabara kama robo saa, nikipiga tena kinawaka kama hakijawahi kuumwa, natembea, kabla sijafika Kigombe kimezima tena. Nikapeleka kwa fundi akasema plagi, tukabadilisha plagi. Siku mbili ikarudi palepale, tukabadilisha koili, halafu CDI (vyote ni vya umeme wa cheche ya plagi), mwisho nikaambiwa kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, imekufa nikanunua mpya, na hela ya kabureta ilikuwa ya ada ya mtoto. Nikafunga kabureta mpya nikatoka na furaha zangu, Tongoni ileile kikazima.

Ndo nikaja kijiweni. Kuna mzee wetu pale, alitengeneza matrekta ya mashamba ya mkonge miaka mingi, nikamwamkia nikaanza kumwelezea vitu nilivyobadilisha. Akanikata, "Mwanangu, sijakuuliza umenunua nini, nauliza inazima vipi. Ghafla kama umezima swichi, au inakufa polepole?" Nikasema polepole. "Ikikaa inawaka?" Ndiyo mzee. "Ikizima umewahi kufungua kifuniko cha tanki?" Sijawahi. Akapanda nyuma, tukazunguka barabara ya Pangani mpaka kikazima, akaniambia usiguse kitu. Akafungua kifuniko cha tanki, tukasikia fyuuu, hewa inaingia ndani. Akafunga, nikapiga kiki moja, kimewaka.

Shida yote ilikuwa katundu kadogo ka hewa kwenye kifuniko. Petroli ikishuka kwenda kwenye kabureta lazima hewa iingie tanki kujaza ile nafasi, katundu kakiziba kwa vumbi na tope hewa haiingii, tanki linaanza kunyonya na petroli inagoma kushuka. Ukikaa robo saa hewa inapenya kidogokidogo, mafuta yanashuka, chombo kinawaka, ndo maana nilikuwa nadhani ni umeme au joto. Tulikasafisha kwa sindano na upepo wa pampu, dakika 10 hazikufika.

Kwa hiyo ukija na tatizo, kabla ya spana uje na majibu. Inazima ghafla au inafifia? Ikiwa baridi au ikishachemka? Kwenye kilima, kwenye mvua, ukiwa umebeba mtu au ukiwa peke yako? Ilianza lini na kabla ya hapo nani aligusa nini? Hilo la mwisho watu wanalidharau sana wakati nusu ya matatizo tunayoyaona pale yalianza siku chombo kilipotoka kutengenezwa au kuoshwa.

Halafu badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Kimoja tu. Ukibadilisha plagi na kuchezea kabureta na kusafisha filta ya hewa kwa mpigo, chombo kikipona hujui kilichoponya na kikizidi kuumwa ndo kabisa hujui pa kurudia. Mimi nina daftari la shule linakaa kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti, kilometa, tarehe, nilichofanya, basi.

Chukua ile skrubu ndogo ya mchanganyiko kwenye kabureta, ambayo kila mtu akiiona mkono unamwasha. Kabla hujaifungua, ikaze taratibu huku unahesabu mizunguko mpaka iguse, iguse tu usiibane mana ncha yake ni laini ukiibana umeiharibu. Andika, mfano moja na nusu. Sasa hata ukipotea unajua nyumbani ni wapi. Marekebisho fanya injini ikiwa imechemka, na ujue kama skrubu iko upande wa filta basi inapitisha hewa, ukiifungua unaongeza hewa, ikiwa upande wa injini inapitisha mafuta, ukiifungua unaongeza mafuta. Watu wanakopi mizunguko ya pikipiki ya jirani halafu wanashangaa.

Na kabla ya hiyo skrubu angalia plagi, mana plagi inaongea. Ikiwa na rangi ya udongo au kahawa ya maziwa, chombo kinakula vizuri. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta mengi au filta ya hewa imeziba. Nyeupe, mafuta ni machache na injini inaungua, hiyo usiende nayo safari. Jeti za kabureta, vile vipande vyenye katundu ka kupitishia petroli, tunapuliza kwa upepo, hatuchokonoi kwa waya, tundu likipanuka tu umeshabadilisha ulaji wa mafuta.

Tapeti nazo, zile za juu ya injini zinazosukuma valvu zifunguke. Wengi wanadhani kelele ya tapeti ndo ugonjwa, wakikaza ikanyamaza wanafurahi. Jamani, tapeti iliyolegea inapiga kelele, iliyobana inaunguza valvu kimyakimya, na dalili yake ni chombo kugoma kuwaka kikiwa cha moto na kupungua nguvu. Injini nyingi hizi ndogo nafasi yake ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, soma kitabu cha chombo chako, pima kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), pistoni ikiwa juu kabisa kwenye kompresheni, yaani valvu zote zimefungwa, na tapeti zote mbili zinacheza.

Bolti ya oili, naomba sana. Injini ni aluminiamu, bolti ni chuma, ukikaza kwa hasira nyuzi zinakufa na hapo unatafuta mtu wa kupiga uzi mpya. Washa injini dakika chache oili ipate uvuguvugu ishuke na uchafu, badilisha ile pete (washa) ya bolti, kaza kwa kiasi. Na ile oili chafu usimwage mtaroni, pale tuna dumu. Mitaro yetu Tanga inaishia baharini na bahari hiyohiyo ndo ina samaki wetu, mpaka silikanti yule wa kale yuko huku kwetu, hilo kwangu si dogo.

Cheni sisemi mengi, icheze kama sentimita 2 hadi 3, ila zungusha gurudumu upime pale inapobana zaidi. Nitasema zaidi juu ya chumvi. Sisi watu wa pwani kutu haitungoji. Ukitoka Raskazone au ukipita barabara za ufukweni osha chombo kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kausha, paka cheni oili, na vichwa vya waya za umeme vikaguliwe, taa nyingi zinazowaka zikizima pale kijiweni ni kutu kwenye soketi, balbu nzima kabisa. Ila unapoosha usielekeze maji ya presha kwenye kifuniko cha tanki, mnajua sasa kwa nini.

Pale hatulipani, lakini spana ya mtu inarudi ilikotoka, nati zinakaa kwenye kopo na haziwekwi mchangani, na sigara ni mbali kabisa na kabureta iliyofunguliwa. Na usione aibu kusema sijui. Wakubwa wetu pale wanapenda anayeuliza, wanachoka na anayejifanya.

Jumapili hii ni zamu ya tapeti, zinapimwa injini ikiwa baridi, kwa hiyo wanaotaka walete vyombo saa moja asubuhi, tuvipaki kivulini, tunywe chai na mihogo, tukifika saa nne ndo tunaanza. Fila geji ipo moja tu, mwenye nyingine aje nayo.