Kifuko cha mwindaji wa upinde: kipi kiingie, kipi kibaki

Upinde wa jadi hauna magurudumu wala nyaya za kurekebisha, na huo ndio uzuri wake. Lakini una upote mmoja tu, yaani kamba ya kuvutia mshale, na ukikatika mbali na nyumbani, mawindo yamekwisha. Ndiyo maana kifuko changu hukianza na upote wa akiba. Vitu vingine hugombea nafasi inayobaki.

Upote wa akiba usiubebe ukiwa mpya. Upote mpya hurefuka unapoanza kupigwa, na ukirefuka, nafasi kati ya mpini na upote hupungua. Upinde huanza kupiga kelele, na mshale hautoki tena ulivyouzoea. Uvishe kwenye upinde ungali nyumbani, piga mishale mpaka utulie, funga alama ya mahali pa kukalishia mshale, upake nta, ndipo uukunje. Pinde ndefu nyingi hutaka nafasi ya sentimita 15 hadi 18. Zile zenye ncha zilizopinda kuelekea mbele hutaka takriban 18 hadi 20. Hata hivyo, sikiliza upinde wako, kwani ukimya wake ndio kipimo bora. Rula siibebi. Nimechora mstari kwenye wano, yaani ufito, la mshale mmoja: nikiupachika mshale kwenye upote, mstari unapaswa kuangukia mpini. Nafasi ikipungua, navua upote upande mmoja na kuusokota mizunguko michache zaidi. Ikizidi, nausokotoa.

Pamoja na upote huo huweka kamba ya kuvishia, inayosaidia kuupinda upinde ili upote uingie. Wengi huvisha kwa kupitisha mguu kati ya upinde na upote, lakini njia hiyo huweza kuupinda kwa ubavu mkono wa upinde, yaani upande mmoja wa upinde juu au chini ya mpini, na upinde ulioharibika hivyo ni vigumu kuunyosha.

Kitu cha pili ni makali, na hapa sina msamaha. Mshale huua kwa kukata, na chembe (kichwa chenye makali cha mshale) butu humtesa mnyama. Chembe hupoteza makali ndani ya podo, mfuko wa mishale, kwa kusuguana, tena unyevu ukiingia hushika kutu. Mimi hubeba tupa fupi, kijiwe cha kunolea na mafuta kidogo ya kupaka kwenye makali. Kupima, nyoosha mpira mwembamba wa kufungia noti, kisha uuguse kwa makali bila kukandamiza. Usipokatika mara moja, rudi kwenye tupa.

Makali hayo hayo hukata vidole vya mwenyewe, kwa hiyo bendeji ya kubana na shashi lazima ziwemo, tena juu kabisa, pafikike kwa mkono mmoja.

Wanaotumia mishale ya mbao wabebe kipande cha gundi ya kuyeyusha na kiberiti cha gesi. Chembe ikilegea, ipashe moto yenyewe, si wano. Ongeza uzi imara uliopakwa nta, glavu au ngozi ya vidole ya akiba, na mfuko wa plastiki wa kufunika manyoya ya mishale mvua inapoanza, maana manyoya yakilowa hulala.

Baada ya kupiga, utahitaji tochi ya kichwani na karatasi laini za kuwekea alama pale unapoona damu. Hata mshale ulioingia vizuri, subiri nusu saa hivi kabla ya kufuata, na ukiona dalili za kupiga tumbo, subiri saa kadhaa. Karatasi zikipangika nyuma yako, huonyesha mnyama ameelekea wapi hata damu inapokatika. Ziokote ukirudi.

Kisu kimoja kidogo chatosha. Shoka, koleo kubwa na seti nzima ya chembe za ziada vibaki nyumbani.

Kifuko chenyewe kiwe cha kitambaa laini, na kila chuma ndani yake kifungwe kwenye kipande cha nguo, kwa sababu tupa ikigongana na kisu mnyama husikia kabla hujamwona. Kivae kiunoni, upande usiokuwa na podo.